Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wachungaji Wangu na Wachungaji Wako

Ndugu wajumbe, Bwana Yesu asifiwe.

Mwaka jana mlitutuma kazi moja: kuwafundisha watumishi wetu namna ya kupatanisha watu, hasa pale ugomvi unapoingia kati ya kanisa na msikiti. Nitawaeleza tulichofanya na tulichoshindwa, kisha nitaomba mambo matatu kabla mweka hazina hajasoma hesabu.

Kwa waliojiunga karibuni, niseme kwanza kwa nini umoja wetu huu wa wachungaji upo. Sisi wa Kanda ya Ziwa ugomvi wa kuchinja ulitukuta majumbani kwetu. Tarehe 11 Februari 2013, pale Buseresere mkoani Geita, mabishano ya nani achinje nyama ya buchani yaliishia kwenye mapanga, na mchungaji mwenzetu akauawa. Siku sita baadaye, Jumapili asubuhi, padri akauawa kwa risasi Zanzibar. Miezi michache nyuma, Oktoba 2012, watoto wa Mbagala, Dar es Salaam, walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea, na ubishi wa watoto ukageuka makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto.

Jumapili iliyofuata baada ya Buseresere nilihubiri kwa uchungu mwingi. Watu walilia, wengine walitoka wamekunja ngumi. Nilikuwa nimeishi katani kwangu miaka tisa na sikuwa na namba ya simu ya shehe hata mmoja. Kama usiku ule ungezuka uvumi, nisingekuwa na mtu wa kumuuliza. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo, na ndilo lililonifanya nikubali mliponiomba nishike nafasi hii.

Mafunzo tuliyafanya mara mbili, siku tatu kila awamu, kwenye ukumbi wa parokia na baadaye kwenye darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Awamu ya kwanza walianza watumishi 24. Tulipotangaza kwamba hakuna posho, ni chai, chakula cha mchana na nauli ya kweli tu, siku ya pili walibaki 17. Sikusikitika. Hao 17 walikuja na madaftari.

Niseme kidogo juu ya zoezi moja, maana ndilo lililobadilisha hewa ya chumba. Tulimwalika shehe wa kata jirani, tukamwomba awaeleze wachungaji mambo yanayowauma Waislamu wa nchi hii. Alitaja mkataba wa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Alitaja Mahakama ya Kadhi, ile ya kuamua ndoa na mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Alirudi hadi mwaka 1968, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipopigwa marufuku, na BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaanzishwa. Kazi ya mchungaji haikuwa kujibu. Alitakiwa kurudia aliyoyasikia, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka shehe aseme, "Ndivyo." Mchungaji wa kwanza alijaribu mara nne. Kila mara katikati ya sentensi alichomeka neno "lakini", na mwezeshaji akainua kidole bila kusema kitu. Mara ya tano alimaliza. Shehe akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndivyo, Mchungaji. Ahsante." Mtu hakulazimishwa kukubaliana na hoja hata moja. Alitakiwa tu kuibeba bila kuimwaga.

Mchana ikawa zamu yetu. Tulieleza mihadhara ya barabarani ambako Biblia hudhihakiwa kwa kipaza sauti, na tukaeleza habari za vijana wanaofukuzwa nyumbani kwa kubatizwa. Shehe naye alirudia, naye alikwama, naye alimaliza.

Juu ya nyama tulikaa nusu siku nzima, na haikuwa nyingi. Wengi wetu tulikuwa hatujaelewa kwamba kwa Mwislamu mnyama ambaye hakuchinjwa kwa sharti lake ni kibudu, hata awe mnono kiasi gani, na kwamba utaratibu wa Mwislamu kuchinja nyama ya kuuzia watu wote ulianza ili majirani waweze kula sahani moja. Upande wa pili nao hawakujua kwamba wapo Wakristo ambao dhamiri zao husumbuka, wakiona wanalishwa ibada ya dini nyingine. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza, ila hata yeye alijua dhamiri haiamrishwi. Maoni yangu ni kwamba utaratibu wa zamani ubaki buchani, na mwenye karamu yake kanisani achinje mwenyewe bila kuitangazia mtaa. Wapo wajumbe wasiokubaliana nami. Milango ya kamati iko wazi.

Wakili mmoja alitupitisha kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 125 na cha 129, vinavyohusu kukashifu dini na kuumiza hisia za waumini. Watumishi kadhaa walishtuka kugundua kwamba maneno waliyozoea kuyasema mikutanoni yanaweza kumfikisha mtu kortini.

Tulisoma pia habari za Kaduna, Nigeria. Mchungaji James Wuye alipoteza mkono katika mapigano ya mwaka 1992. Imamu Muhammad Ashafa alipoteza mwalimu wake na ndugu zake wawili. Walikuwa maadui wa kuwindana, na mwaka 1995 wakaanzisha pamoja kituo cha upatanishi. Nilichotaka wenzetu wakione ni kwamba chuki yao haikuisha kwa kupeana mikono siku moja; iliwachukua miaka. Tukakumbuka na abiria Waislamu wa basi la Mandera, Kenya, tarehe 21 Desemba 2015, waliokataa kutengana na Wakristo mbele ya bunduki. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki mwezi uliofuata.

Na kila asubuhi tulifungua kwa Mwanzo 13, pale Abramu anapomsihi Lutu usiwepo ugomvi kati ya wachungaji wake na wachungaji wa Lutu. Najua Biblia inasema wachunga mifugo. Ila katika Kiswahili chetu neno ni lilelile, na hakuna aliyelisoma kwa sauti bila kusita.

Sasa nije kwenye msiba. Mwaka huu alifariki mzee mmoja aliyezaliwa Mwislamu akabatizwa ukubwani. Mama yake mzazi, bibi wa miaka mingi, ni Mwislamu. Mjane na watoto ni wa kanisa. Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na makaburi mawili yanachimbwa, sehemu mbili tofauti, na vijana wameshika majembe si kwa namna ya kuchimba tu. Mchungaji aliyehusika alikuwa mmoja wa wale 17. Alimpigia shehe, wakaingia pamoja, wakaketi kwanza na bibi kwenye mkeka. Hawakumuuliza anataka nini. Walimuuliza, "Bibi, unachokiogopa hasa ni nini?" Akasema anaogopa mwanawe alale nje ya ardhi usiku mzima, kama mzigo uliokosa mwenyewe, kwa sababu kanisa lilitaka kusubiri ndugu kutoka Dodoma. Wakaenda kwa mjane. Yeye alikuwa akiogopa kwamba ukoo ukimzika mumewe, utachukua pia nyumba na watoto.

Hofu zenyewe hazikugongana. Mzee alizikwa siku ileile kabla ya jua kuzama, kwa ibada ya kanisa. Shehe alisema wazi kwamba swala ya maiti hawezi kuiswalisha, ila kumfariji mama ni wajibu wake, akakaa naye mpaka usiku. Wazee wa ukoo waliandika mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba nyumba na watoto havitaguswa. Jeneza lilibebwa na wajomba zake Waislamu hadi ukingoni mwa kaburi. Kaburi la pili lilifukiwa na vijana walewale waliolichimba.

Wapo waliolalamika kwamba mchungaji alimwachia shehe nafasi kubwa mno msibani petu. Nimewasikiliza. Nasimama na mchungaji.

Tulikoshindwa ni hapa. Mtumishi mmoja aliyehitimu mafunzo alipokea ujumbe wa sauti kwenye simu kuhusu binti aliyedaiwa kusilimishwa kwa nguvu, akautangaza Jumapili kabla ya kumpigia yeyote. Binti alikuwa kwa shangazi yake, salama. Ilituchukua wiki tatu na vikao vitano kutuliza, na bado salamu sokoni hapo ni nzito. Mtumishi yule alikwenda mwenyewe kwa shehe kuomba radhi, na namshukuru kwa hilo. Kosa lingine ni letu sisi wa kamati: katika awamu zote mbili tulialika wanawake wanne tu, wakati uvumi hufika kwanza kwenye genge la nyanya na kisimani, na mara nyingi huzimwa hukohuko na akina mama kabla sisi hatujasikia.

Kwa hiyo naomba Mkutano Mkuu upitishe haya. Kwanza, nusu ya nafasi za awamu ijayo ziwe za wanawake, wachungaji kwa wenza wa wachungaji. Pili, kila mjumbe awasilishe kwa katibu, kabla ya Pasaka, jina na namba ya shehe wa eneo lake, aliyemtembelea nyumbani kwake na si kwa simu tu. Tatu, ada ya mwaka iongezwe kidogo ili tuwe na fungu la nauli na muda wa maongezi kwa wapatanishi wanaoitwa usiku, maana mwaka huu walitoa mifukoni mwao.

Katibu anazo karatasi za orodha hapo mlangoni. Zenye mstari mtupu pembeni ya jina la kata yako, tafadhali usiondoke nazo. Mweka hazina atazikusanya baada ya kusoma hesabu.