Kwenu mnaogombea udiwani: wasifu wenu usubiri

Wanangu,

Nimewasikiliza majukwaani, na karibu nyote mnaanza vilevile: itifaki ndefu, jina, shule mlizosoma, vyeo, ukoo. Mwananchi aliyesimama juani muda wote huo bado hajasikia habari yake mwenyewe.

Anzeni na shida yake. Moja tu, tena ya kuonekana kwa macho: mtaro ulioziba, taa za barabarani zisizowaka, zahanati inayofungwa mapema. Mkisema "kero za wananchi" mmesema la kila mgombea. Elezeni nani anaumia, tangu lini, na kwa nini jambo limekwama mpaka leo. Kaeni hapo hadi watu waanze kunong'onezana "ni kweli", maana hakuna anunuaye dawa ya ugonjwa asiojua kama anao. Alan Monroe, aliyefundisha uhutubi Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alizipanga hatua hizi miaka ya 1930: kuvuta usikivu, kuonyesha hitaji, kutoa suluhisho, kuwaonyesha watu hali itakavyokuwa, kisha kuwaomba watende. Hiyo ya pili ndiyo mnayoiruka, na ndiyo inayobeba zote.

Kwenye suluhisho, baki ndani ya mamlaka ya diwani. Diwani hupigia kura bajeti na sheria ndogo, hufuatilia matumizi, huibana halmashauri kwa maswali. Ukiahidi kushusha kodi ya taifa, mpinzani mwenye akili atakuuliza swali moja tu na mkutano mzima utacheka. Taja fedha zitatoka fungu gani, na nini kitasubiri ili hilo lifanyike. Wachache wenu huthubutu, ndiyo maana anayethubutu huaminiwa.

Sasa jitambulishe, kwa sentensi mbili tatu, ukitaja kazi uliyowahi kufanya inayogusa shida hiyohiyo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliiweka tabia ya msemaji pamoja na hisia na hoja kama njia za kushawishi, lakini alitaka imani ya wasikilizaji izaliwe na hotuba yenyewe, si sifa ambazo mtu amekuja nazo.

Urefu? Huko Gettysburg, Marekani, tarehe 19 Novemba 1863, msemaji mashuhuri Edward Everett alihutubia kwa muda wa saa mbili hivi, kisha Rais Abraham Lincoln akasema maneno yasiyofika 300. Kesho yake Everett mwenyewe alimwandikia kumsifu. (Matusi kwa wapinzani nayo yanakula muda, waachieni wapambe, ingawa nao ningependa wanyamaze.)

Sentensi ya mwisho iandikeni kabla ya zote: iombe kura waziwazi, itaje siku na mahali pa kupigia. Wengi huona haya, wakaishia kushukuru. Kisha msomee hotuba mtu asiyekupenda sana. Akiweza kuirudia shida na suluhisho kwa maneno yake, panda jukwaani. Akishindwa, kata tena.

Mzee wenu