YAH: SIKU ZANGU 214 MLIZOZIFUTA, NA SUDOKU YENU YENYE NAMBA 16 TU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salamu na heshima zote. Naandika nikiwa nimejizuia sana, mkiona mahali nimepitiliza mnivumilie, mimi nimeshawavumilia vya kutosha.

Ile sudoku yenu ngumu ya Jumanne, lile fumbo la kujaza namba kwenye tovuti yenu, ifungueni muihesabu. Namba mlizonipa za kuanzia ni 16. Kumi na sita! Nimehesabu mara tatu na skrinshoti ninayo. Sitaki kuwafundisha kazi yenu lakini tangu 2012 watu walishathibitisha kwa kompyuta kwamba sudoku ya 9 kwa 9 yenye namba chini ya 17 haiwezi kuwa na jibu moja tu. Sasa mimi nimejaza vyumba vyote 81, kila mstari 1 hadi 9, kila safu 1 hadi 9, kila boksi hivyo hivyo, hakuna kilichojirudia, halafu mnanipaka nyekundu eti nimekosea. Nimekosea nini? Jibu langu halikufanana na la kwenu, basi.

Nikaja kwenye chati kistaarabu kabisa. Mhudumu wenu hata picha hakuifungua, akaniambia nifute data zote za brauza nifungue upya. Nikamuuliza, rekodi yangu ya siku nilizocheza bila kukosa haitapotea? Akasema haitapotea. Nikafuta, nikafungua, nakutana na "Karibu mchezaji mpya! Ungependa kujifunza sudoku?" Mimi! Siku 214 mfululizo, sifuri.

Na hii sio mara ya kwanza, mwezi uliopita matangazo yalirudi wakati nimelipia mwaka mzima ile isiyo na matangazo, tena linatokea katikati ya boksi unapotaka kubonyeza 7 unajikuta umefunguliwa ukurasa wa watu wengine. Nikanyamaza. Mnajua hizo siku 214 zilipatikanaje? Dakika kumi za mapumziko kila siku, hata siku niliyolazwa nilicheza na dripu mkononi.

Narudia hiyo ya chati maana naona bado haijawaingia. Nilimuuliza KABLA sijabonyeza. Niliandika hivi, "una uhakika rekodi haipotei?" na yeye akajibu "ndiyo, usijali" na kikatuni cha kutabasamu. Nilipomwambia imepotea akakaa kimya dakika nzima, halafu akaandika "pole, ila ni gemu tu, unaweza kuanza upya", akafunga chati. Akaifunga yeye! Nabaki naangalia "Karibu mchezaji mpya" kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Kumbe rekodi mnaiacha kwenye brauza yangu, sio kwenye seva zenu, sasa akaunti mliniuzia ya nini? Na mhudumu wenu halijui hilo?

Ninachotaka ni mnirudishie siku zangu 214, basi. Na ya Jumanne ihesabiwe nimeshinda, kwa hiyo ziwe 215. Na kwa kuwa nimeandika mpaka hapa nimezidi kukasirika, nataka na pesa yangu ya mwaka yote, sio nusu, na huyo mhudumu aniombe radhi kwa maandishi bila kikatuni.

Nawapa siku 7. Zikipita nafuta usajili, naiambia benki isimamishe malipo yenu, napeleka malalamiko kwa wanaolinda haki za wateja, na ile skrinshoti naibandika kila wanapokutana watu wa sudoku. Hao sina haja ya kuwaeleza kitu, watahesabu wenyewe.

Wenu (kwa sasa),
Mteja wa siku 214

N.B. Ya leo nimeihesabu kwanza, namba ni 26. Nimeimaliza kwa dakika 11, ila msidhani nimewasamehe.