Digrii ninayo, fomu namba moja siijui

Ndugu Mhariri,

Naomba kijinafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana juzi kuna msomaji mwenzetu kaandika humu humu kwamba wanasheria vijana wa siku hizi ni suti tu, ukimpa kiapo, yale maelezo ya maandishi ya mtu aliyeapa, aandike anatoka jasho. Ile barua niliisoma kwenye mwendokasi nimesimama, nikacheka, afu nikakasirika, afu nilivyoshuka Gerezani nikaona mbona mzee kasema kweli nusu. Nusu iliyobaki ndo inanifanya niandike. Yeye anasema tatizo ni simu na uvivu, mimi nasema hapana, tatizo ni kwamba mtu anasoma sheria katikati ya Dar es Salaam, mji wenye kila ngazi ya mahakama na kila aina ya ugomvi, anakaa miaka minne na huo mji anauona dirishani tu.

Mimi nimesoma chuo cha umma hapa hapa mjini, jina niliache maana bado kuna vyeti vyangu havijatoka. Walimu walikuwa wazuri, hilo nisiwadhulumu, wengine ukiwasikiliza saa nzima husikii njaa. Ila tulikuwa wengi, yani wengi kweli kweli, pindi la saa moja asubuhi ukifika saa moja kamili unakaa chini, kwa hiyo watu tukahamia kwenye desa. Unaenda steshenari unatoa jero unapewa noti za mtu aliyemaliza miaka sita nyuma, pamoja na makosa yake yote. Kuna desa moja la mikataba lilikosea jina la kesi, na mtihani ulivyorudi nusu ya darasa tulikuwa tumeikosea vilevile, herufi kwa herufi, mwalimu akabaki anacheka peke yake. Tukafaulu lakini. Kufika mwaka wa pili naweza kukupigia stori nusu saa kuhusu locus standi, nani ana haki ya kusimama mahakamani na nani hana, na hati ya madai, ile karatasi ya kufungulia kesi, sijawahi kuandika hata moja.

Mahakamani tulipelekwa mara moja. Basi zima, suti za kuazima, wadada na viatu vya kuwaumiza, tukakaa nyuma feni inapiga kelele, hakimu na mwendesha mashtaka wanaongea kwa sauti ya watu wanaojuana, tukasikia tu upelelezi haujakamilika na tarehe nyingine, basi, kama dakika nne. Nje tukapiga picha. Kwenye ripoti ikaandikwa mafunzo kwa vitendo.

Fildi nayo nilienda, wiki nane, ofisi ya wakili mmoja mjini kati, ghorofa ya nne na lifti mbovu. Kazi yangu ilikuwa fotokopi, kubeba mafaili na kufuata chapati. Wakili mwenyewe nilimuona kama mara tano hivi, mbili kati ya hizo aliniita jina la mwenzangu. Aliyenifundisha sheria pale ni karani wake, mtu wa fomu foo, mzee fulani ana miwani imefungwa na uzi. Siku hiyo nimepewa kiapo cha mteja nikipeleke kufungua maombi, mzee akakichukua, hakusoma hata aya moja, akafunua ukurasa wa mwisho, akaweka kucha pale chini. "Dogo, hii itatupwa." Naangalia, saini ipo, muhuri wa kamishna wa viapo upo, mahali pameandikwa Dar es Salaam. Tarehe hakuna. Ile sehemu ya mwisho ya kiapo ni vimistari vichache, ila sheria inataka paandikwe kimeapwa wapi na lini, wakili wa upande wa pili akiona pengo anaweka pingamizi, na kiapo kikiondolewa yale maombi yaliyokuwa yamekaa juu yake yanaanguka nacho. Ukiwa na bahati utaruhusiwa kurekebisha, usipokuwa nayo unaanza moja, na kama ulikuwa unakimbizana na siku za rufaa ndo imetoka hiyo. Mteja ameshalipa, haelewi kwa nini kashindwa kabla hajasikilizwa. Mimi somo la ushahidi nilikuwa na B plasi, Mhariri.

Sasa nije kwenye kilichonitoa tongotongo. Mwaka wa tatu mwishoni kuna wenzangu walikuwa wanajitolea Jumamosi kwenye meza ya msaada wa kisheria huko Mbagala, meza kweli ya plastiki chini ya mwembe, nikaenda nao kwa sababu walisema kuna pilau. Mteja wangu wa kwanza ni mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, kashika mfuko wa rambo umefungwa mafundo mawili. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua mfuko taratibu kama mtu anayefungua dawa. Ndani kuna cheti cha kifo cha mume wake, cheti cha ndoa kimekunjwa mpaka kinataka kukatika kati, na karatasi ya daftari imeandikwa kwa mkono, muhtasari wa kikao cha familia, kwamba mdogo wake marehemu ndo kachaguliwa kusimamia mirathi. Sahihi saba. Ya kwake haipo. Akaniuliza, "Mwanangu, hii karatasi ndo imempa shemeji nyumba?"

Mimi pale nilikuwa na majibu, tena mengi, tatizo yote yalikuwa ya Kizungu. Nilijua barua za usimamizi wa mirathi zinaitwaje kwa Kiingereza, najua na kifungu chake, najua kesi mbili tatu za Mahakama ya Rufani. Nikaanza kuongea nikasikia naongea vitu visivyoeleweka hata na mimi mwenyewe, mama ananiangalia kwa heshima kabisa, ile heshima inayouma, yani anaona kijana msomi anahangaika na anamuonea huruma.

Akaja bi mkubwa mmoja, msaidizi wa kisheria wa mtaa ule, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hana digrii. Akavuta stuli akamuuliza mama maswali matatu. Marehemu alikuwa dini gani? Alikuwa anaishi wapi? Kaacha watoto wangapi, na wa mama wangapi? Basi. Na mimi nikiwa nimekaa pale nikaona kila swali linafungua mlango wake, kwa sababu kama marehemu alikuwa Muislamu au mambo yake yanaenda kimila, mahakama ya mwanzo ya alikokuwa anaishi inaweza kushughulikia, na kama alikuwa Mkristo aliyeishi maisha yasiyo ya kimila inabidi upande juu zaidi, na hesabu ya watoto na mama zao ndo inakuambia ugomvi utatokea upande gani kabla haujatokea. Miaka mitatu darasani nimesoma mamlaka ya mahakama, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa mtu wa Mbagala yanaanza na "alikuwa dini gani mama".

Akamwambia karatasi ya kikao haimpi mtu nyumba. Kikao kinapendekeza tu, mahakama ndo inateua, na mwenye neno anaenda kupinga kabla shemeji hajateuliwa, na hata akishateuliwa msimamizi sio mrithi, ana miezi minne ya kuileta mahakamani orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, afu baadaye hesabu za mgao, fomu namba 6, asipofanya anaweza kuondolewa. Mama akarudia kwa sauti ndogo, msimamizi sio mrithi, msimamizi sio mrithi, kama anakariri namba ya simu. Bi mkubwa akanigeukia mimi akasema haya mwanasheria, toa fomu namba moja hapo tumwandalie na yeye ya kwake. Nikasema fomu namba moja ndo ipi.

Hapo ndo naomba yule msomaji aliyetusema anielewe. Sikuwa mvivu, nilikuwa nakesha kwenye vimbweta mpaka mbu wananijua jina. Hiyo fomu, ya kuomba mahakama ikuteue kusimamia mirathi, nilikuwa sijawahi kuoneshwa.

Na kuna hili la lugha, ambalo watu wanalikwepa. Mahakama ya mwanzo inaendeshwa Kiswahili miaka yote, na mwaka 2021 Bunge likabadilisha sheria kabisa, Kiswahili ndo kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale kinapohitajika. Ila darasani tunafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni Kiingereza. Sipingi Kiingereza, kesi za zamani zote ziko huko, utazisomaje. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi asipokutana na mteja hawezi kujua kama anaijua sheria au anayajua maneno yake tu. Chini ya ule mwembe nilijua mimi niko kundi gani.

Watu wanasahau kwamba masomo ya sheria hayakuanzia Mlimani, kule juu kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kikuu cha kwanza nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki hata ishirini. Lumumba mnapajua. Ukitoka mlangoni Mnazi Mmoja hiyo, Kariakoo hiyo, mtu akitaka kujua mkataba wa upangaji ni nini anavuka barabara. Walihamia Mlimani mwaka 1964, na hapo hapo kwenye miaka ya 60 walimu wa sheria wakaanzisha kamati ya msaada wa kisheria, wananchi wanasikilizwa bure. Kwa hiyo hili nalosema sio jipya, wazee walishaliona. Ila sisi tulivyokuwa wengi, kwa wengi wetu vitu vya namna hii vikabaki kuwa vya wanaojitolea, wanaopenda, wanaosikia kuna pilau.

Oktoba 2022 mtakumbuka ile kelele ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile mnaita Law School, unakopita ukishapata digrii ili uwe wakili, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja 26, 342 wakarudia baadhi ya masomo na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikawa na maoni, Ndumbaro, waziri wa Katiba na Sheria wakati ule, akaunda kamati chini ya Dk Mwakyembe, wengine wakasema wanafunzi vilaza, wengine wakasema wanaonewa. Mimi pale nilikuwa naangalia kitu kimoja, kwamba ile shule ndo mahali wengi wetu tunaambiwa kwa mara ya kwanza haya, andika hati ya madai, simama, hoji shahidi. Kwa mara ya kwanza! Baada ya digrii nzima, na mkopo wa Bodi tayari unakusubiri mlangoni. Wenzetu wa udaktari pale Muhimbili wanaingia wodini na kumgusa mgonjwa kabla hawajahitimu, mwalimu yuko nyuma yao, na hakuna anayesema wanachezea wagonjwa.

Najua nitajibiwa hela hakuna na walimu hawatoshi. Kweli hawatoshi. Lakini angalieni kilichopo tayari. Temeke kuna kile Kituo Jumuishi cha mirathi na mambo ya ndoa tangu 2021, mahakama za ngazi tofauti zipo jengo moja, nauli ya daladala tu. Wapo walimu wengi wenye leseni ya uwakili. Wapo wasaidizi wa kisheria kama yule bi mkubwa wanaolemewa na foleni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili sio lazima asimame mbele ya hakimu, na wala sheria haimruhusu, ila anaweza kupokea mtu, kumsikiliza, kuandika maelezo yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, kujaza fomu chini ya macho ya wakili, kunyamaza kuhusu siri za watu, na kurudi darasani Jumatatu akiwa na swali la kweli. Wapelekwe kwa zamu, wachache wachache. Na ipewe maksi, hili nasisitiza, maana mwanafunzi wa Kitanzania kitu kisicho na maksi hakijui, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Na zile fildi za kubeba chapati, chuo kiwe kinauliza. Mwanafunzi akirudi aoneshe nyaraka tano alizoandika yeye na zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, sio barua yenye muhuri inayosema alikuwa na nidhamu nzuri. Nidhamu nzuri nimepewa, Mhariri, ninayo mpaka leo kwenye bahasha.

Yule mama shauri lake sitalisimulia, ni lake. Niseme tu kwamba miezi kadhaa baadaye alinipigia kwa simu ya mwanae kuuliza shemeji akileta orodha ya mali na kiwanja cha Chamazi hakimo afanyeje, na safari hii nilimjibu palepale, kwa Kiswahili, nimesimama kwenye foleni ya kontroo namba.

Meza ya Mbagala bado ipo, sasa hivi nakaa upande wa wakili. Yule msomaji mwenzetu namkaribisha Jumamosi yoyote kuanzia saa tatu, aje aone vijana wanavyotoka jasho. Pilau siku hizi hakuna, na aje na kalamu yake mwenyewe, za kwetu huwa zinaondoka na wateja.

Ni mimi msomaji wako,
Wakili mchanga, Temeke, Dar es Salaam