Kata! Kata!

Ngamiani, Tanga
25 Mei 2025

Kwako sahibu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Mimi na walio kwangu hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo tangu mvua zianze limekuwa na maamuzi yake. Shemeji yako anakusalimu. Anauliza ile mbaazi ya nazi ya mama watoto wako itafika lini huku, kwa sababu mwaka jana aliahidiwa.

Barua hii inakuja kwa mkono wa kondakta wa basi, pamoja na kanda moja na flashi. Usinicheke. Najua ungesema nirekodi sauti kwenye simu nikurushie, nami nimejaribu mara tatu nikakatiza. Nikishika simu naanza kubabaika kama niko mbele ya hakimu. Karatasi ina subira.

Ile Jumapili ya tarehe 11 nilikupigia asubuhi, simu yako ikawa haipatikani. Nilitaka kukuambia mtangazaji wetu Charles Hilary ametutoka. Jioni nikakuta umeshanitumia picha yake na vile vimikono vya kuomba dua, nikajua habari imeshavuka mpaka wa Horohoro. Sasa hesabu mwenyewe. Mwanamuziki King Kikii 15 Novemba mwaka jana. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya, 7 Februari. Na sasa Hilary. Miezi sita haijatimia, na sauti tatu tulizokulia nazo zimenyamaza.

Ya Kikii hayakunitoa machozi, nisikudanganye. Nilisikitika, nikamwombea, nikarudi kwenye kazi. Kisha wiki mbili baadaye nikaenda harusini, ukumbi wa hapa hapa barabara ya ishirini na ngapi sijui, kijana wa muziki akaweka wimbo wake wa Kitambaa Cheupe. Athumani, ukumbi mzima ulisimama! Siku hizi watu hawatembei na leso, basi walipunga tishu za mezani. Mama mmoja alikosa hata tishu, akamvua mumewe kofia akapunga kofia. Mzee yule mwenye kipara chake kikiwaka chini ya taa anacheka tu. Nikajisemea, huyu Kikumbi Mwanza Mpango tumemzika lakini Jumamosi anaingia kazini kama kawaida. Mtoto wa Lubumbashi, kazaliwa 1947, kapita Maquis du Zaire, kapita Orchestra Safari Sound, kazeeka na La Capitale yake ya Wazee Sugu, na bibi harusi aliyekuwa akipunga tishu pale hajafika miaka 25.

Fedha ni jambo jingine. Unakumbuka mwimbaji Muhiddin Gurumo alivyostaafu 2013, zaidi ya nusu karne jukwaani, watu wakashangaa kusikia hana hata baiskeli, mpaka msanii Diamond akampa gari? Aprili iliyofuata akafariki. Nyimbo zao zilirekodiwa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, zikapigwa redioni miaka na miaka, wao wakabaki na makofi. Nilitaka kukasirika kwa niaba yao, halafu nikakumbuka ni nani aliyekuwa akidurufu kanda hapa dukani, mbili kwa mpigo, na kuandika majina kwa kalamu ya wino mwekundu. Sheria ya hakimiliki ilipotoka 1999 nyumba yangu ilikuwa imeshafika kwenye lenta. Basi hapo nikanyamaza.

Lakini Mbotela, bwana.

Siku ile Februari nilifunga duka saa saba mchana. Nilikaa ndani kwenye giza na harufu ya risasi ya kulehemu na vumbi, nikawa namsikia marehemu baba. Wewe ulikuwepo. Jumapili, 1 Agosti 1982, tuna miaka 14, umelala kwetu kwa sababu ya maulidi. Baba anakunywa chai ya rangi, redio iko kwenye Sauti ya Kenya kwa sababu Mombasa ilikuwa inashika vizuri kuliko Dar. Mara ile sauti tuliyoizoea ikasema serikali ya Kenya imepinduliwa. Mama alitaka kujua kama shangazi yako Majengo yuko salama. Baba hakujibu. Aliinama mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika, akasikiliza, akasema: "Huyu anasomeshwa."

Maneno mawili tu. Sisi tulisikia habari, yeye alisikia pumzi ya mtu. Na miaka baadaye Mbotela mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi askari wa jeshi la anga walivyomfuata nyumbani kabla hakujakucha, wakampeleka studio kutangaza walichotaka. Mchana huohuo wanajeshi watiifu chini ya Mahmoud Mohamed wakaikomboa redio, na ni yeye tena aliyetangaza kwamba serikali ya Rais Moi ipo. Yaani koo moja iliipindua serikali asubuhi na kuisimamisha mchana. Ochuka, kiongozi wa mapinduzi, alirukia Dar es Salaam kwa ndege. Baadaye akarudishwa kwao na 1987 akanyongwa. Mbotela akarudi kuwauliza Wakenya kama huu ni ungwana.

Hapo ndipo nilipokwama, na hili ndilo hasa lililonifanya nitafute karatasi. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza 1966. Tulikifanya kuwa silaha ya nyumbani. Ukimaliza maandazi ya watu, je, huu ni ungwana? Ukipita mbele ya mkubwa bila kuinama, je, huu ni ungwana? Hata fundi wangu kijana, ambaye hajawahi kukisikia kipindi, juzi kamwambia mteja aliyetaka kulipa nusu: mzee, huu ni ungwana kweli? Hajui katoa wapi.

Sasa lifikirie neno lenyewe. Leo tukisema mtu muungwana tunamaanisha ana adabu, hapayuki, anatoa kiti. Lakini bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, akisema "yule ni muungwana" alikuwa na maana nyingine kabisa. Alimaanisha mtu huru. Asiye mtumwa wala kizazi cha mtumwa. Lilikuwa neno la kugawa watu, na katika pwani yetu hii liliuma. Kuna nyumba zilivunja uchumba kwa sababu yake.

Na Mbotela alikuwa nani? Wewe unakaa Kisauni, Mombasa, unapita pale Kengeleni kila siku unapokwenda sokoni Kongowea. Ile kengele ni ya Freretown, kijiji ambacho wamisheni wa Kianglikana wa CMS walikianzisha 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukoo wa akina Mbotela unatoka humo. Mtu wa ukoo huohuo, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha 1934, kile chenye jalada lililochanika tulichokuwa tukigombania shuleni. Basi mjukuu wa waliokombolewa anakaa mbele ya kipaza sauti, zaidi ya miaka 50, na kila wiki anawauliza watu wote, waliozaliwa kwenye majumba ya mawe na waliozaliwa kwenye vibanda: je, huu ni ungwana? Na wote wanakaa kimya kumsikiliza wapate kujijua kama ni waungwana au sivyo. Sijamsikia mwenyewe akilisema hivyo. Pengine hakuwa na nia hiyo. Mimi nililiona gizani mle dukani nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ningependa kukisikia kipindi kimoja kizima. Cha zamani, si mahojiano ya uzeeni. Nikapekua masanduku yangu. Hakuna. Kanda zaidi ya mia mbili, na hakuna hata dakika moja ya Mbotela. Nikasema sawa, ni mtu wa Kenya, kanda zake ziko kwenu.

Halafu akafa Hilary. Huyu alikuwa wa kwetu. Mzaliwa wa Zanzibar, katangaza mpira RTD enzi ambazo mtangazaji alikuwa ndiye uwanja wenyewe, halafu Radio One, halafu Ulaya, Deutsche Welle na BBC, halafu Azam, na mauti yamemkuta akiwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwenye simu yupo tele, lakini ni yule wa suti na tai, wa taarifa ya habari. Mimi nilimtaka yule wa Radio One ya miaka ya tisini, Mzee wa Macharanga, anayezungumza taratibu kama mtu anayemimina kahawa, akikuambia habari za filimbi na fidla za Kikuba hadi unahisi umefika Havana na hujavuka hata Pangani.

Nikafungua tena masanduku. Kichwa cha deki nikakisugua kwa pamba na spirti, mkanda wa mpira uliolegea nikaubadilisha, nikaanza na zile ulizoziandika wewe kwa herufi kubwa: CHARANGA 1, CHARANGA 2, CHARANGA 3 USIFUTE. Nilisikiliza siku nne. Nyimbo zipo, safi kabisa. Yeye hayupo.

Umeshaelewa? Tulimkata sisi. Kidole kilikaa kwenye kitufe kama bunduki. Wimbo ukiisha tu, mtangazaji kabla hajafungua mdomo, tak! Na akithubutu kusema neno ala zikiwa bado zinalia tulimtukana, tukasema ameharibu kanda. Tulikuwa tukingoja anyamaze. Nchi nzima ilifanya hivyo, nina hakika, kwa sababu kanda za wateja wangu nazo ni zilezile: wimbo, tak, wimbo, tak. Kila nyumba ina sanduku la muziki ambalo aliyeuleta muziki huo amekatwa humo kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anavyotoa miiba kwenye samaki.

Wanamuziki walidhulumiwa fedha, hilo linasemwa na ni kweli. Hawa wengine tuliwadhulumu kitu ambacho hata jina sikijui. Bendi ikivunjika santuri inabaki. Mtangazaji kazi yake ilikuwa hewani, na hewani ikaishia.

Isipokuwa mahali pamoja. CHARANGA 3, upande wa pili, karibu na mwisho. Unakumbuka redio yako ya National ilikuwa deki yake imekufa, ikabidi tuweke rekoda ya mjomba mbele ya spika na kufukuza watoto uani? Basi kanda ile imechukua na chumba. Kuku yumo. Mtu anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria. Wimbo unamalizika, filimbi inazimika, na kabla ya tak kuna mtu anavuta pumzi. Pumzi ya kiume, ya mtu mwenye kifua, halafu herufi moja, "n", ya "na" au ya "ndugu", sijui, haijafika kwenye irabu. Naapa ni yeye. Shemeji yako anasema ni mtangazaji yeyote, na kwamba nimeanza kuzeeka vibaya. Juu ya pumzi hiyo, karibu kabisa na kipaza sauti, kuna kijana anapiga kelele: "Kata! Kata!"

Ni wewe, Athumani. Una miaka 27, sauti haijaingia sigara. Ilibidi nisimamishe nikatoka nje.

Sekunde tisa hizo nimezihamishia kwenye flashi, ndiyo faili la kwanza. La pili ni Kitambaa Cheupe, la mama watoto, akifua asikie. Kanda yenyewe nakurudishia kwa sababu jina lililoandikwa ni lako, na mimi humu dukani panya wamenizidi.

Nawe nina ombi. Sanduku la marehemu shangazi yako, lile la bati chini ya kitanda, lililokuwa na kanda za mawaidha na za Juma Bhalo. Shangazi hakuwa na haraka ya kukata kama sisi. Alikuwa akibonyeza rekodi anaenda jikoni, anasahau mpaka upande unaisha. Kama Mbotela yupo mahali popote, yupo humo, katikati ya mambo mengine. Usizungushe kwa biro, utazikata, zimeshakauka. Usizitie kwenye redio ya gari la mwanao. Zifunge kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, umpe kondakta huyuhuyu. Anageuza Alhamisi. Nimemlipa na ya kurudia, asije akakudai.

Wako,
Rajabu