Wanangu wa mkesha wa Ijumaa, kabla hamjashika maiki tena

Bwana Yesu asifiwe wanangu. Ijumaa iliyopita nilikaa na nyie kwenye mkesha toka saa tatu usiku mpaka tuliposema Neema saa kumi na moja alfajiri, na kwanza niseme nilifurahi, maana vijana wa umri wenu kuacha usingizi mkapiga magoti kwenye sakafu ya simenti siyo kitu kidogo, Mungu anaona. Ila toka Jumamosi kuna jambo linanikosesha raha nikaona niwaandikie wote kwa pamoja, nisimwite mmoja pembeni halafu wengine wakaanza kuulizana mzee kasema nini.

Masaa yote yale nane tulifunga, tukavunja, tukaamuru, tukapokea. Tukamkemea adui wa kazi na adui wa ndoa na adui wa viza, tukarudisha mishale ilikotoka, na mimi niliitikia amina kwa sauti. Lakini sikumsikia mtu hata mmoja akisema Bwana nimekosa. Hata mimi sikusema. Na mle ndani nawajua watu hawasalimiani, siwataji wanajijua, mmoja alikuwa kona ya huku mwingine kona ya kule na wote wanalia mbele za Bwana, tukamaliza tukaenda nyumbani wakiwa hivohivo.

Mimi nimezaliwa upande wa Bukoba, nyumba ya walokole. Nyie mkisikia uamsho mnawaza spika kubwa na mhubiri wa kutoka mbali, sasa ngoja niwaambie ule tuliolelewa nao ulianzaje. Mwaka 1929 daktari mmoja mmisionari anaitwa Joe Church, anafanya kazi Gahini kule Rwanda, alienda Kampala akiwa amechoka kabisa rohoni, akakutana na Muganda mmoja Simeoni Nsibambi pale Namirembe, wakakaa chini wawili wakasoma Biblia na kuomba. Hakuna mkutano, hakuna tangazo. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, na mdogo wake Nsibambi, mwalimu Blasio Kigozi, alikuwa pale analilia kanisa liamke mpaka akafariki Januari 1936 bado kijana. Na kilichowashtua watu wakati ule ni kwamba Wakristo, watu wa kanisani, walianza kulia juu ya dhambi zao wenyewe. Mtu anarudisha jembe aliloiba. Mwingine anapeleka hela kwa bosi aliyemwibia. Wamisionari wakafika mahali pa kusema mbele ya Waafrika tuliwadharau, tusameheni, na hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni mjue, siyo leo. Ukaenea Uganda, Kenya, Burundi, ukaingia kwetu kwa njia ya Katoke, huko huko mkoani kwetu, mwaka 1939 ukawapata na Walutheri wa Buhaya, yaani nchi ya Wahaya. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huohuo.

Sasa nyumbani kwetu ushirika ulikuwa hivi. Jioni, nyasi zimetandikwa chini, taa ya chemli katikati, watu kumi kumi na mbili wanaimba, halafu mtu anasimama anaweka jambo nuruni, yaani anakiri kosa lake wazi. Siku moja mama yangu alisimama akasema, leo jirani alituma mtoto aombe chumvi nikamwambia imeisha, na chumvi ilikuwepo. Basi akakaa. Mimi mtoto nikaona ajabu, mtu mzima analia kwa sababu ya chumvi. Kesho yake kabla hajawasha moto alifunga chumvi kwenye jani la mgomba akanishika mkono tukaenda kwa jirani, akamwambia jana nilikudanganya. Yule mama jirani hakuwa hata mlokole. Alipokea ile chumvi akabaki kamshika mama mkono muda mrefu hawasemi kitu. Mpaka leo nikisoma Mathayo 5, pale Bwana anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, naona lile jani la mgomba.

Na msije mkadhani nawaambia ya zamani yalikuwa safi. Hapana. Kuna waliofika mahali kukiri kwao kukawa ni mashindano, nani kalia zaidi, na asiyesimama wanamwona hajaokoka, wakawa Mafarisayo wa toba. Halafu 1994, wanangu, Rwanda ileile ambako moto uliwaka, watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, na waliokuwa wanawaua wengine wao walibatizwa humohumo. Nikifikiria hilo nakosa maneno. Najua tu kwamba toba ya babu hairithiwi kama shamba.

Nami nina langu na nitalisema. Baba alipofariki mimi na mdogo wangu tuligawana kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na mpaka ukapandwa milamula, ile mimea ya alama ya mpaka, kama desturi. Yeye alikuwa kazini mbali, mimi nipo nyumbani, nikang'oa ile milamula nikaisogeza kwake hatua mbili, labda tatu. Migomba minne ikawa yangu. Wakati huo mimi ni mzee wa kanisa, nafunga kila Jumatano, nafundisha somo la maombi, na maombi yangu yamekauka kama jiwe, nikaanza kusema ni vita, kuna mtu ananichezea. Nikakemea mapepo miaka sita! Siku moja tunasoma Luka 18, yule Farisayo anavyomwambia Mungu mimi nafunga mara mbili kwa juma, na mtoza ushuru kasimama mbali anajipiga kifua, uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Nikashindwa kuendelea kusoma. Nilimwachia mwingine kitabu nikatoka nje.

Nilipanda basi nikamfuata mdogo wangu. Nikamwambia nimekuibia. Akaniangalia akasema, kaka, nilijua, likizo ya kwanza tu niliona. Miaka sita anakuja nyumbani tunakula sahani moja, ananiita mzee wa kanisa mbele ya watoto wangu, na anajua. Tulirudi wote tukairudisha milamula, na migomba niliyopanda mimi upande ule ikabaki kwake. Hakunikumbatia siku ile, na ilichukua muda. Ila usiku ule niliomba nikajua kuna anayenisikia.

Ndiyo maana nawaambia kabla hujamkemea adui wa kazi yako jiulize kwanza kama ile hela ya kikundi uliyoishika uliirudisha yote. Kabla hujavunja laana ya ukoo, yule mtoto uliyemkataa anakula nini? Danieli sura ya 9 hasemi wao, anasema tumefanya dhambi, na ukikipitia kitabu chake chote huoni kosa lake limeandikwa. Huyo ndiye aliyejibiwa akiwa bado ananena.

Ila mnisikie vizuri, sisemi kila mtu aje amwage kila kitu kwenye maiki. Dhambi uliyomkosea Mungu peke yake malizana naye chumbani. Uliyomkosea mtu nenda kwa huyo mtu. Iliyoumiza kundi zima, hiyo ndiyo ya mbele ya kundi. Jambo lenye jina la mtu mwingine ndani yake usilisimulie hadharani, utamvua nguo mwenzio kwa jina la toba. Na msirekodi, nawaomba sana, mtu anatubu simu ziko juu, kesho yuko stetasi, hapana. Na nyie viongozi, binti anayepigwa na mumewe asiambiwe anyenyekee arudi akaombe msamaha, anayepaswa kutubu hapo ni yule mwenye ngumi, na asipotubu msimrudishe yule mtoto wa watu kwenye kipigo.

Ijumaa hii naomba kitu kimoja. Tukiimba nyimbo za kwanza, zimeni spika nusu saa. Mtu akae kimya, mwenye Zaburi 51 aisome polepole, na anayetaka kutoka nje akapige simu atoke, hata ikiwa saa nne usiku, mimi nitasimama mlangoni ili asiulizwe na mtu unaenda wapi. Na wale wawili wa kona ya huku na kona ya kule, mimi nitafika saa mbili, saa nzima kabla ya wenzenu. Nitakuwa na chai kwenye chupa na vikombe vitatu.

Mzee wenu