Risala ya Klabu ya Wasomaji wa Chuo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi na wanachuo wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kufika, hasa kwa barabara ile na mvua hii.

Klabu yetu ina wanachama 14. Mwaka huu tumejiunga na LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, ambamo watu wa kujitolea husoma kwa sauti maandishi yaliyokwisha muda wa hakimiliki, kisha wakayatoa bure. Sisi tuko upande wa hadithi fupi za kale, za kisayansi na za njozi. Kila msomaji huchagua moja aipendayo. Zikitimia idadi, hufungwa kuwa mkusanyo mmoja. Lafudhi zote zinapokelewa, na yetu imo.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Nyingi ya hadithi hizi zilitoka katika majarida ya bei rahisi ya Marekani, ya aina ya Amazing Stories lililoanzishwa na Hugo Gernsback Aprili 1926. Karatasi zake zilikuwa duni, za kusoma leo na kesho kufungia karanga. Kilichozifikisha kwetu ni kusahauliwa. Zama hizo sheria ya Marekani ililinda hadithi kwa miaka 28, kisha mwenyewe aombe kuongezewa muda. Wengi hawakuomba, hadithi zikawa za wote.

Zina vituko vyake. Humo sayari ya Zuhura ni vinamasi na mvua isiyokatika. Mkufunzi wa Fizikia alitusimamisha kutueleza kwamba joto la huko ni kama nyuzi 460. Tulimsikiliza kwa heshima, tukarudi kwenye vinamasi vyetu.

Hadi sasa tumekamilisha hadithi tatu. Tunarekodi kwa simu ndani ya stoo ya magodoro. Mvua ikigonga bati, tunafunga kazi. Hadithi ya nne imerudishwa na mhakiki: dakika ya saba, nahodha akiwa peke yake angani, kimya kimetanda, jogoo wa jirani aliwika mara mbili.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili: kipaza sauti kimoja cha kurekodia, na dari ya stoo. Jogoo tutaongea na mwenyewe.

Baada ya risala hii, mwenzetu wa mwaka wa kwanza atakusomea ukurasa huo wa nahodha, safari hii bila jogoo, tukijaliwa.

Tunaomba kuwasilisha.