Vitamini D: mnunuzi aambiwe kipimo cha siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vitamini D. Siku hizi kila anayelalamika mgongo au uchovu huambiwa na jirani akainunue. Mimi ni mfamasia, na wengi wanaoiulizia dukani hawajui mwili unahitaji kiasi gani kwa siku.

Kiasi chenyewe kinajulikana. Tangu mwishoni mwa 2010 wataalamu wa Marekani wanapendekeza IU 600 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) kwa siku kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 70, wajawazito wakiwemo. IU 800 kwa aliyevuka hapo, na 400 kwa mtoto wa chini ya mwaka. Uingereza wao wanasema 400 kwa mtu mzima. Hesabu ya Marekani ilipigwa kwa kumchukulia mtu asiyepata jua la maana, kwa hiyo muuza mbogamboga anayeshinda barabarani mikono wazi hana haja ya kukimbilia vidonge. Mlinzi wa usiku anayelala mchana kutwa, bibi asiyetoka chumbani, au mama anayejifunika mwili mzima, hao wanaweza kupungukiwa hata wakiwa hapa hapa Pwani. Chakula husaidia kidogo: kiini cha yai kina kama IU 40 tu, afadhali vibua.

Sasa tazama vibandiko. Chupa moja imeandikwa mcg 25 (yaani maikrogramu), nyingine IU 1,000, na zote ni sawasawa, maana maikrogramu 1 ni IU 40. Mteja anaiona 25 ndogo, anameza vidonge vinne. Halafu kuna vile vya IU 50,000. Mgonjwa aliyepimwa damu huandikiwa kimoja kwa wiki, kwa wiki chache; nyumbani wanagawana na kumeza kila siku! Bila usimamizi wa daktari, mtu mzima asizidishe IU 4,000 kwa siku. Vitamini hii hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi mno kalsiamu hupanda kwenye damu: kichefuchefu, kiu, kukojoa kila mara, na figo kuharibika.

Matone ya watoto ndiyo yananinyima usingizi. Kuna chupa ambayo IU 400 zimo katika tone moja, na kuna nyingine ambayo zimo katika mililita nzima. Mama aliyezoea ya mililita akibadilishiwa chupa bila kuelezwa, atakijaza kile kibomba cha kupimia dawa kama kawaida, na mwanawe atameza dozi ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya vibomba hivi mwaka 2010.

Nakuomba, Mhariri, ukurasa wako wa afya ukiitaja vitamini D utaje na umri wa mtumiaji, pamoja na kipimo kwa IU na kwa maikrogramu. Nanyi wafamasia wenzangu, chupa ya mtoto isitoke dukani kabla hamjaiandika kwa kalamu: "tone 1 kwa siku" au "mililita 1 kwa siku".

Mfamasia,
Tanga